Ukiweka tairi kubwa kwenye Hilux nunua tano, sio nne

Mwezi mzima huu naulizwa tairi gani nzuri za kupandisha kwenye Hilux, kila mtu anataka kujua kashata (yale meno ya tairi), saizi na bei, na hamna hata mmoja aliyeniuliza habari ya spea. Na spea ndo iliyonitesa mimi, kwa hiyo naanza na hiyo.

Gari yangu ilikuja na tairi za saizi ya 265/65R17. Mwaka jana nikaenda Dar nikachukua 285/70R17 nne kwa muuzaji mmoja, nikamuuliza vipi ya tano, akanijibu dada spea yako bado mpya kabisa, hela ya nini? Nikamwamini. Wiki tatu baadae nimebeba mzigo wa duka letu la pembejeo natoka Nangurukuru naenda Liwale, ile njia ya vumbi ya zaidi ya kilomita 200, nimeshaipita Njinjo, kisiki kikachana ubavu wa tairi ya nyuma kushoto. Giza limeshaingia, jeki inazama kwenye mchanga mpaka kijana mmoja wa baiskeli akatuazima jembe lake tukalilaza chini ya jeki. Nikashusha spea, nikaisimamisha pembeni ya ile iliyochanika. Vidole vitatu! Spea ni fupi kwa vidole vitatu vizima, hata kwa mwanga wa simu unaona. Nikaifunga nyuma hivyo hivyo.

Hesabu yake ni hii. 265/65R17 ina kipenyo cha kama milimita 776, 285/70R17 inafika 831, yani tofauti ya asilimia 7. Tairi ndogo inabidi izunguke mara nyingi zaidi kwenye umbali ule ule, na ukiifunga nyuma, vile vigia vidogo vya ndani ya difu (ile gia ya katikati ya ekseli inayogawa nguvu kwa tairi za pande mbili) ambavyo kazi yake ni wakati wa kukata kona vinazunguka muda wote hata njia ikiwa imenyooka, na mzigo juu. Afu mi nikaweka fowili, yani tairi zote nne zinavuta, kwenye mchanga nikaisahau mpaka sehemu ngumu, hapo ndo niliharibu zaidi, maana Hilux yangu haina difu ya katikati, mbele na nyuma vinavutana na hamna pa kuachia. Tunaingia Liwale difu inavuma, fundi kafungua oili imetoka nyeusi inanuka kuungua.

Ningejua, ningetoa tairi nzima ya mbele nikaihamishia nyuma, ile spea ndogo nikaifunga mbele, nikatembea bila kugusa fowili mpaka kwa fundi. Ni kupiga jeki mara mbili usiku, lakini difu inapona. Wenye Prado na Land Cruiser za fowili ya muda wote hata hiyo njia hawana, kwao mbele nako kunafanya kazi, ni kwenda mdogo mdogo umbali mfupi tu.

Kwa hiyo kabla hujalipa, lala chini ya gari upime pale spea inapokaa. Kama tairi unayoitaka haiingii pale, hiyo saizi sio yako.

Saizi ninayoshauri ni 265/70R17. Inanyanyua gari milimita 13 tu, wengi wanaiona ndogo, lakini haikwaruzi. Ile 285 yangu ilikuwa inasaga madigadi nikikata stelingi yote, na mshale ukisoma 50 pale Mikindani kumbe naenda 53 na ushee, na trafiki wa tochi hana habari na saizi ya tairi yako. Mchangani kinachokutoa hasa ni kupunguza upepo, toka PSI 35 mpaka 18 hivi, afu ubebe kompresa ya kujazia ukifika lami.

Namba moja kwangu ni BFGoodrich All-Terrain, KO2 au hii KO3 iliyotoka 2024. Naipenda na sifichi. Huku kwetu tairi haifi kwa kuisha kashata, inafia ubavuni, kwenye visiki vya mashamba ya korosho na mawe ya kupanda Newala, na ubavu ukichanika fundi pancha hana la kukusaidia. Hii ubavu wake ni mnene kweli. Ni nzito, mafuta utaongeza kidogo, mi nimekubali.

Namba mbili Yokohama Geolandar A/T, laini zaidi na kimya kwenye lami, nzuri kwa anayeshinda Mtwara na Lindi mjini anaingia shamba wikiendi. Namba tatu Maxxis Bighorn, hii ni ya tope, kama unaishi kwenye mfinyanzi masika yote chukua, ila lami nzima mpaka Mingoyo itakuwa inakuunguruma masikioni.

Za bei rahisi zipo, kwa gari ya mjini sawa, porini mi sipeleki.

Sasa wauzaji. Bandari tunayo hapa Mtwara, korosho zinapakiwa hapa hapa kwenda nje, lakini tairi unaambiwa bei ni ya usafiri wa kutoka Dar. Ukitaka ya tano peke yake wanakupandishia eti seti ni nne! Afu wanaipaka dawa inang'aa kumbe imekaa stoo miaka. Angalia ubavuni penye herufi DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Mi nikiona imepita miaka mitatu naondoka, na zote tano nataka zikaribiane tarehe.

Ukishazifunga usiiache ya tano ilale chini ya gari ikiwa mpya wakati wenzake wanaisha, maana kashata zikipishana ule urefu nao unapishana tena. Zangu zinazunguka kila kilomita 10,000, ya chini inapanda nyuma kulia, iliyotoka inaenda mbele, na moja ya mbele inashuka kupumzika.