Wanaooana tena: mashuka, chupa ya chai au doti ya khanga?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani leo kuna pea ya mashuka, chupa ya chai na doti ya khanga. Tunawatafutia zawadi watu wanaooana tena, mjane au aliyeachika, na mfuko wa mtoaji ni wa kawaida.

Hawa si maharusi wanaoanza na chumba kitupu. Kila mmoja anahamia na masufuria yake, sahani zake, pengine hata jiko lake la gesi. Hotpoti utakayopeleka itakuwa ya nne au ya tano, na itaishia juu ya kabati. Lakini matandiko ya ndoa iliyopita hakuna anayependa kuyatandika kwenye ndoa mpya. Kwa hiyo mimi naanza na mashuka, na hapo ndipo wengi wanapopigwa.

Angalieni pakiti hii. Imeandikwa 6x6 kwa herufi kubwa. Hicho ni kipimo cha kitanda kwa futi, si cha shuka. Geuza nyuma, kwenye maandishi madogo: sentimita 230 kwa 240. Sasa tupige hesabu. Futi sita ni sentimita 183. Godoro la inchi 8 lina kimo cha sentimita 20 na kidogo, na shuka linashuka pande zote mbili, kwa hiyo ongeza 41. Jumla 224. Kwenye upana wa 230 zinabaki sentimita sita, yaani tatu kila upande za kuchomekea. Mtu akigeuka mara moja tu usiku, shuka limechomoka. Na likiwa la pamba likafuliwa, likirudi kwa asilimia tatu tu, limebaki 223. Halifiki hata ukingo wa chini wa godoro.

Kwa 6x6 na godoro la inchi 8, tafuta shuka la sentimita 270 kwa 270. Hata likirudi kwa asilimia tano, bado utachomekea kama sentimita 16 kila upande. Godoro la inchi 10, ongeza sentimita 10 nyingine. Lenye lastiki ni zuri, ila kina cha pembe kizidi kimo cha godoro angalau kwa sentimita tano, la sivyo pembe moja itakuwa inaruka kila siku. Na usikisie kitanda. Muulize wifi au dada wa mmoja wao kimyakimya: ni sita kwa sita au tano kwa sita, na godoro ni inchi ngapi?

Kuhusu kitambaa, neno "cotton" kwenye pakiti lisikutoshe. Mwombe muuzaji uzi mmoja kutoka kwenye pindo, usogee mbali na vitambaa, uuchome. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Poliesta inayeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu. Ukiona vyote viwili, ni mchanganyiko. Kwa joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, chukua pamba, kwa sababu poliesta hainywi jasho. Njombe au Arusha mchanganyiko hauna shida, na unakauka haraka. Kisha sugua kitambaa kwa vidole: kikitoa unga, uzito unaousikia ni wa wanga, utaondoka na maji ya kwanza. Zile pakiti zinazojisifu nyuzi 1000 kwa inchi ya mraba mimi sizilipii zaidi. Mara nyingi uzi mmoja umesokotwa kwa nyuzi kadhaa, na kila moja imehesabiwa peke yake.

Ukikosa saizi dukani, nenda kwenye kitambaa cha kuuzwa kwa mita. Chenye upana wa sentimita 280, mita nne zinatoa shuka moja na foronya mbili za mto wa 50 kwa 70. Fundi akiloweke na kukikausha kabla ya kukata. Shuka moja pana ni bora kuliko pea mbili fupi.

Chupa ya chai tuipite haraka. Ya kioo ndani inaweza kufika imepasuka kwa mtikisiko wa safari. Ukitaka chupa, chukua ya chuma. Ijaze maji yanayochemka, funga, ngoja dakika kumi, shika ubavuni. Ukisikia joto, imeshapoteza ombwe, yaani ule utupu wa kati ya kuta zake mbili unaozuia joto, irudishe. Angalia pia kama mpira wa kifuniko unatoka, maana usipotoka hausafishiki.

Khanga inafaa sana, lakini soma jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, mpaka mwisho. Vijembe vya mke mwenza na mafumbo ya mahasimu havifai hapa, wala "Kipya kinyemi ingawa kidonda", hata kama rangi imekukonga moyo. "Wawili wakipendana adui hana nafasi" haina kasoro. Hakikisha vipande viwili vya doti vina mji, yaani sehemu ya katikati, na pindo zilizonyooka. Usiikate, mwenyewe ataikata na kuipinda.

Kwenye kadi andika majina yao na hongera, basi. Habari za "mara ya pili" hazihitajiki. Mashuka usiyafue kabla ya kuyafunga, na risiti iache ndani ya mfuko: saizi ikikataa, duka linaweza kubadilisha pakiti ambayo haijafunguliwa, si shuka lililokwisha kupita majini.