NeoNatalie, mdoli wa maji wa kufundishia kupumulisha vichanga: maoni yangu baada ya miaka 6 ya kuongoza mafunzo nikiwa mbali

Wadau wa afya ya watoto, swali la kama huu mdoli wa NeoNatalie unafaa kununuliwa nimeulizwa inbox mara nyingi sana, sasa nimeona bora niandike mara moja. Mimi ni daktari wa watoto, naishi nje, na huu mwaka wa 6 naongoza ushirikiano wa mafunzo kati ya idara ninayofanyia kazi huku na hospitali moja iliyo mbali, mbali kwa maana ya ndege mbili na tofauti ya masaa inayofanya asubuhi yao iwe usiku wangu wa manane. Nakwenda mara 2 kwa mwaka, wiki 2 kila safari, siku nyingine zote ni simu, WhatsApp na vikao vya video. Katika vitu vyote tulivyonunua kwa hela ya ushirikiano, kuanzia projekta mpaka kozi za mtandaoni za kulipia, kitu ambacho ningekinunua tena kesho asubuhi bila kujiuliza ni huu mdoli. Naeleza kwa nini, na pia pale usipofaa, maana najua kuna watu wako karibu kuagiza.

Mdoli wenyewe kwanza. Unatengenezwa na Laerdal ya Norway, hao hao waliotoa Resusci Anne, mdoli wa kufundishia kumwokoa mtu mzima aliyeacha kupumua, mwaka 1960, kampuni ambayo zamani ilikuwa inatengeneza midoli ya watoto ya kuchezea, na ukiushika NeoNatalie unaielewa hiyo historia kwa mikono yako: hauna umeme, hauna betri, hauna skrini. Unakuja umelala bapa kama begi tupu. Unaujaza maji kama lita 2 hivi, yakiwa ya vuguvugu ni bora zaidi, na hapo hapo una kichanga cha kilo 2 mikononi, kichwa kinaanguka nyuma usipokidaka, miguu inaning'inia, mwili umelegea kabisa. Mpe mkunga aliyeshapokea watoto kwa miaka, utaona kiganja chake kinaenda chini ya shingo bila kuambiwa. Mimi hapo ndo nilipoupenda, mikono inaanza kazi kabla mtu hajakumbuka kwamba yuko kwenye mafunzo. Alafu kuna vibofu vya kuminya, kimoja kinaleta mapigo kwenye kitovu, kingine kinapandisha kifua, kingine kinalia, na anayeshika hivyo vibofu ndiye anaamua mtoto wa leo amezaliwaje, amelia mwenyewe au amekaa kimya.

Ulibuniwa uende pamoja na Helping Babies Breathe, kozi iliyoanzishwa mwaka 2010 na American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, na wenzao, toleo la pili likatoka 2016. Kiini chake ni dakika moja ya kwanza, wanaiita dakika ya dhahabu. Mtoto ametoka, mkaushe, mpe joto, msugue mgongo, na kama hapumui basi hewa iwe imeshaanza kuingia kifuani kwa ambu, ule mfuko wa kuminya wenye maski, kabla hiyo dakika haijaisha. Karibu mtoto 1 kati ya 10 anahitaji msaada wa aina fulani ili aanze kupumua, na wanaofikia kuhitaji ambu ni wachache zaidi, ila hakuna anayejua mapema ni yupi, kwa hiyo kila anayesimama leba lazima mikono yake iwe tayari kila siku, hata zile wiki ambazo watoto wote wamelia vizuri.

Na mdoli haukubembelezi. Kuna sista mmoja, mtu wa leba wa siku nyingi, siku moja nikiwa namwangalia kwa video, simu imeegeshwa kwenye rafu ya dawa, aliweka maski usoni, akaminya ambu, kifua kimya. Akaminya kwa nguvu zaidi, kifua kimya. Hewa ilikuwa inatokea pembeni, na kidevu kilikuwa kimeinama kifuani. Mimi huku mdomo umeshafunguka niseme, mwenzake akaniwahi, akamwambia taratibu tu, "Dada, shingo." Akakirudisha kichwa mahali pake kama mtoto anayenusa kitu, akainua kidevu, akaibana maski upya kwa vidole, akaminya kidogo tu, na kifua kikapanda. Akarudia, kikapanda tena. Hakuna aliyepiga makofi, walibadilishana nafasi wakaendelea na mwingine. Zile sekunde chache zilifundisha kuliko slaidi zangu 40 zote, na kilichonigusa zaidi ni kwamba aliyemsahihisha alikuwa mwenzake wa zamu na sio mimi.

Sasa niseme ukweli kuhusu makosa yetu wenyewe, kwa sababu mdoli ulikuwa mzuri tangu mwanzo ila sisi ndo hatukujua kuutumia. Mwaka wa kwanza nilifanya kama wanavyofanya wengi, nikatua, tukakodi ukumbi, semina ya siku nzima, watu 30, vyeti, picha ya pamoja, nikapanda ndege nikaondoka nimeridhika. Nikarudi baada ya miezi 6 nikauliza mdoli uko wapi. Uko kabatini. Kabati limefungwa. Ufunguo anao mtu wa stoo, na mtu wa stoo yupo likizo. Ulipotolewa ulikuwa bado umekunjwa vile vile nilivyouacha, kwa sababu kila mtu aliogopa "mali ya wageni" isije ikaharibika akaulizwa yeye. Niliumia sana ile siku, sio kwa hasira, ni kwa sababu nilielewa kwamba hofu ile niliipanda mimi, nilikabidhi kile kifaa kwa sherehe na kusaini karatasi kana kwamba ni kitu cha maonyesho.

Na jibu lilikuwa limeshaandikwa. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom kule kaskazini mwa Tanzania walifanya kozi ya siku 1 wakapima kilichotokea, watu wakawa wazuri zaidi kwenye mdoli lakini kule leba kwa watoto wenyewe kazi haikubadilika. Wakabadilisha utaratibu, mazoezi yakawa mafupi na ya mara kwa mara, dakika 3 mpaka 5 kila wiki, pale pale kazini, yakisimamiwa na watu wa pale pale. Vifo vya ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1000, matokeo yakatoka 2015. Kabla ya hapo, 2013, ulishatoka utafiti wa hospitali 8 za Tanzania uliofuatilia hii kozi, vifo vya mapema vya vichanga vilishuka kwa asilimia 47. Nilikuwa nimeusoma huo wa Haydom kabla hata sijaanza ushirikiano, nikaunukuu kwenye andiko la kuombea hela, na bado nikaenda nikafanya semina ya siku 1. Kusoma kitu na kukipanga kwenye ratiba yako ni vitu viwili tofauti jamani.

Kwa hiyo tukafuta semina kubwa. Mdoli ukahamia kwenye meza, pembeni ya taa ya joto pale pale leba, umejaa maji muda wote wa kazi. Kila wanapokabidhiana zamu, watu 2 wanafanya mzunguko 1, dakika 3, wanaandika kwenye daftari la kawaida tarehe, nani kapumulisha na kipi kilikwama. Basi. Msimamizi ni sista inchaji wa pale, mimi sina sauti kwenye hilo daftari zaidi ya kulisoma, na Jumatatu ananitumia picha ya ukurasa. Ukisoma zile kurasa unaona mambo ambayo hakuna mtihani ungeyaonyesha, mfano kuna mwezi mzima neno "maski" lilijirudia karibu kila zamu, kumbe maski ndogo ilikuwa imepotea na watu walikuwa wanajaribu kuibana kubwa kwenye uso mdogo. Tukatafuta maski.

Tulishawahi pia kuwa na mdoli wa kielektroniki wa kampuni nyingine, siitaji, wa bei mara nyingi zaidi, analia mwenyewe, anabadilika rangi, ana tableti yake. Alipendeza sana siku ya kwanza. Alafu programu ikataka kusasishwa na intaneti ya wodini haikutosha, chaja ikafa, fundi yuko bara lingine, barua pepe zangu zikajibiwa baada ya wiki 3. Mpaka leo yuko kwenye boksi lake. Kwa chuo chenye maabara ya mazoezi na mtu wa kumtunza anaweza kufaa, ila kama unaongoza kitu kutoka mbali na huwezi kufika wakati kimeharibika, nunua kile ambacho mtu wa zamu ya usiku anaweza kukirekebisha mwenyewe saa 9 usiku kwa kuongeza maji.

Mapungufu ya NeoNatalie yapo na usiagize bila kuyajua. Haubadiliki rangi, kwa hiyo anayeminya vibofu lazima aseme kwa mdomo mtoto ana hali gani. Hauhesabu chochote, hauwezi kukuambia umepumulisha mara ngapi kwa dakika wala hewa kiasi gani imevuja, lazima awepo mtu wa kuhesabu na kuangalia saa, sisi tunahesabu kwa sauti na simu ikirekodi. Wana toleo jingine linaloitwa NeoNatalie Live linalotoa majibu kwenye tableti, sijalitumia vya kutosha kulisemea. Na usitegemee kuwafundisha watu kwa huo mdoli kuweka mpira kwenye koo wala laini ya kitovuni, huu ni wa dakika ya kwanza tu. Kwa mafunzo ya mtoto mkubwa anayekuja na degedege au upungufu wa maji, tafuta kitu kingine kabisa, sisi tunatumia miongozo ya WHO ya kuchuja na kutibu dharura za watoto na mazoezi ya kuigiza, bila mdoli.

Utunzaji: ukienda kukaa bila kutumika, maji yamwagwe, ukaushwe ndani na nje. Wetu uliwahi kukaa na maji kipindi chote cha likizo ya mwisho wa mwaka ukatoa harufu, tulipona kwa kuosha ila tulijifunza. Ambu na maski za mazoezi ziandikwe kwa maka peni MAZOEZI, zikae mbali na zile za watoto, hili msilifanyie mchezo hata siku moja. Alafu ukiagiza kutoka nje, barua ya kuupokea iandikwe na hospitali kabla mzigo haujasafirishwa, sio baada, na jina la mpokeaji liwe la hospitali. Sisi mzigo wa kwanza ulikuja kwa jina langu na mimi sikuwepo.

Nyota 5 kati ya 5 kwa wenye kazi kama yangu. Agiza 2 kama mfuko unaruhusu, rangi za ngozi zipo tofauti, chagua inayofanana na watoto watakaozaliwa pale.

Mwezi uliopita sista inchaji alinipigia, huku kwangu ni saa 8 usiku, nikashtuka nikajua kuna jambo baya. Alikuwa anataka kuniambia amewapa intani wapya mazoezi bila kunisubiri nije, mmoja wao usiku ule ule amepumulisha mtoto wa kweli, mtoto amelia, yupo kwa mama ananyonya. Alafu akaunganisha hapo hapo kwamba kibofu cha mapigo kimetoboka, niwaangalizie cha akiba, na nikija nibebe maski saizi 0 mbili. Nimeshaziweka kwenye begi.