Busta ya netiweki kwenye pikapu: Tambach inalipa, bondeni usiitegemee

Busta, yaani kifaa cha kuongezea netiweki ya simu nguvu, niliyofungiwa Eldoret ina vipande vitatu: antena ya sumaku inayokaa juu ya paa la kabini, kisanduku kinachotumia umeme wa volti 12 wa gari, na antena ndogo ya ndani. Fundi aliisukuma hiyo ya ndani hadi chini ya kiti. Antena mbili zikikaribiana, mashine hujisikia yenyewe kama spika iliyoelekezewa maiki, taa nyekundu inawaka na kazi inaishia hapo.

Mimi hubeba maembe ya Bonde la Kerio. Ukitoka Iten barabara inateremka Tambach, inavuka mto pale Chebloch, halafu inapanda hadi Kabarnet. Kwenye kona za Tambach ndipo nimeona faida. Bati la gari huzuia mawimbi, na antena ikiwa nje juu, simu iliyokuwa ikishika na kuachia sasa inatulia. Mteja namweleza nimepakia kreti ngapi, tunakubaliana bei, hela inaingia kabla sijafika chini.

Ukikata kuingia mashambani, mambo ni mengine. Busta inachukua netiweki iliyopo na kuiongezea nguvu. Mlima ukiziba mnara, haina cha kuongezea. Nimeipa nyota tatu kati ya tano. Moja nimeikata kwa bei, nyingine kwa muuzaji aliyeniapia kwamba itashika "popote".

Popote kulihitaji yale maputo ya Loon ya kusambaza intaneti kutoka angani, na bado nayalilia. Julai 2020 yalianza kazi rasmi Kenya kwa ushirikiano na kampuni ya simu ya Telkom, yakielea karibu kilomita 20 angani na kupokezana mawasiliano puto kwa puto hadi kituo cha ardhini. Eneo lililolengwa lilikaribia kilomita za mraba 50,000, Iten na Baringo zikiwemo. Jaribio la Radad, hapo Baringo, lilipakua megabiti 18.9 kwa sekunde. Mnara ulio juu hivyo, ukuta wa Kerio utauziba vipi? Januari 2021 Alphabet, kampuni mama ya Google iliyomiliki Loon, ikatangaza kufunga mradi: gharama zilikataa kushuka.

Kama unanunua busta, dai kwanza karatasi ya idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Zile za bei ya kutupa huvuruga minara, na jirani zako ndio watakosa netiweki. Antena iweke katikati ya paa, mbali na keria.