Gereji ya Nyakato iliyokataa kushusha gia boksi ya Carina yangu

Kama una Toyota ya zamani ya otomatiki hapa Mwanza na umeshaambiwa "gia boksi imekufa, tafuta nyingine", pita kwanza kwenye gereji moja ya Nyakato, Barabara ya Musoma, ukishapita Buzuruga kuelekea Igoma. Haina kibao. Utaijua kwa Noah mbili zisizo na matairi, zimepandishwa juu ya mawe.

Gari langu ni Carina Ti ya 1998, linabeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, kwa hiyo harufu yake msiniulize. Ugonjwa ulikuwa huu: ukiweka D na kukanyaga mafuta, linaondoka kama limefungwa breki. Likishachanganya kwenye tambarare, halina neno. Ila kupanda Isamilo na magunia nyuma ilikuwa aibu, bodaboda wanakupita huku wanakuangalia usoni. Na taa ya O/D OFF kwenye dashibodi (ya kuzima gia ya juu kabisa) ikawa inapepesa yenyewe.

Gereji niliyoanzia (siitaji jina) hawakugusa hata dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Fundi alizunguka nalo mtaani, akarudi na bei: gia boksi ya mtumba 650,000, kazi 150,000. Nikamuuliza, na hiyo ya mtumba ikifa je? Akacheka.

Wa Nyakato alianza na oili. Injini ikiwa ya moto na inaunguruma, akapitisha mkono wa gia kote, P mpaka L (gia ya chini kabisa) na kurudi P, ndipo akachomoa dipstiki na kuifutia kwenye karatasi nyeupe. "Mama, ona, bado nyekundu. Nusa." Haikuwa na harufu ya kuungua. Akasema ingekuwa nyeusi na inanuka moto, angeanza kuhofia klachi za ndani.

Halafu akaniambia, "Weka L, panda hapo." Nyuma ya gereji kuna kilima kifupi cha mawe. Kwa L gari likapanda bila kulalamika. Kwa D, kilima hicho hicho, likalegea. Akanieleza: kwenye D kompyuta ndiyo inayochagua gia kupitia solenoidi (vali ndogo za umeme zinazoongoza oili ndani ya gia boksi), na solenoidi ya kwanza ikikata, gari linaondokea gia ya tatu. Kwenye L mkono wa gia wenyewe unafungua njia ya oili, gia ya kwanza inaingia. Kama inaingia na inavuta, basi ni nzima, ushushe boksi zima kutafuta nini? Jaribio hilo halina gharama yoyote, na yule wa 650,000 angeweza kulifanya.

Akafungua boneti, akaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya kwenye kile kiboksi cha kupimia, akawasha swichi bila kupiga stata. Taa ya O/D OFF ikapepesa mara sita, ikatulia, ikapepesa mbili. Sitini na mbili, namba ya hitilafu: solenoidi namba moja. Bado hakuridhika, akaweka mita kwenye soketi ya gia boksi. Solenoidi nzima husoma kati ya omu 11 na 15. Yangu haikusoma kitu.

Wakashusha sampu tu, yaani bakuli la oili la chini ya gia boksi, na nilisimama pale pale nione. Sumaku za ndani zilikuwa na tope laini la kijivu. Akalisugua kwa vidole mbele yangu: hakuna vipande vya chuma, huo ni uzee wa kawaida. Solenoidi walichomoa kwenye gia boksi mbovu iliyoko uani, wakaipima kwa mita kabla ya kuifunga. Solenoidi 40,000, kazi 50,000, na oili ya gia boksi, Dexron III, nikanunua mwenyewe. Ukimwaga sampu, oili nyingi inabaki kwenye torki konvata (kile kinachounganisha injini na gia boksi), kwa hiyo kaniambia nirudi nimwage tena baada ya muda.

Kasoro zipo. "Saa sita utakuwa na gari lako, mama" maana yake ni magharibi. Hakuna pa kukaa, na mvua ikinyesha ni matope matupu. Gasketi ya sampu waliirudisha ile ile kwa kuipaka silikoni, asubuhi nikakuta matone mekundu chini ya gari. Wakaweka mpya bila kunitoza, lakini gasketi yenyewe si ghali, wangeiweka tangu mwanzo. Risiti nilipoomba, nikaandikiwa nyuma ya boksi la plagi.

Wenye gari za CVT (otomatiki za mkanda, zisizo na gia za kubadilika) msihangaike, mwenyewe alisema hazigusi, na oili yake ni nyingine kabisa. Jumapili hawafungui. Nenda asubuhi, gari likiwa limetembea ili oili iwe ya moto, na mkatalie yule kijana wa getini anayetaka kukuoshea injini kwanza. Maji yakiingia kwenye soketi za umeme, kipimo cha mita hakitaaminika.