Ryzen 5 5600G: gemu bila kadi ya picha

Hela ya kadi ya picha sikuwa nayo, nikachukua prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 5600G: koa 6, yaani viini vya kufanyia kazi, na sehemu ya kuchora picha humohumo ndani. Fundi wa Kariakoo akanifungia kijiti kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) cha GB 8, eti inatosha. Wapi! Gemu ya mpira ilikwama kila kona ikipigwa. Prosesa hii haina kumbukumbu yake ya picha, inakopa RAM, na kijiti kimoja ni njia moja tu ya kupitishia data. Nilipoweka viwili vya GB 8, aina ya DDR4, kasi 3200, mambo yakanyooka kwa ukali wa picha wa 1080p, mipangilio ya chini. Magemu mazito ya sasa, sahau. Nikipata kadi nitachomeka. Pawa saplai, kile kiboksi cha kuilisha kompyuta umeme, niliyonunua kwa bei chee niliirudisha siku ileile. Nyepesi kama boksi tupu la viatu.