Ujaze nini ndani ya filta ya tangi la samaki? Anza na sponji

Mtu akienda kununua filta huuliza pampu inavuta lita ngapi kwa saa na kama ina kelele. Kilichomo ndani haulizi. Lakini pampu inasukuma maji tu. Samaki wanaishi kwa sababu ya vile vilivyopangwa kwenye njia ya hayo maji.

Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao, kupitia matamvua wanayopumulia, na kinyesi pamoja na chakula kilichobaki vikioza huongeza nyingine. Kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia kwa kiasi mpaka siku ya kubadilisha maji. Bakteria hao hujishikiza mahali penye maji yanayopita na oksijeni ya kutosha, na katika tangi jipya huchukua wiki 4 hadi 6 hivi kuenea vya kutosha. Kwa hiyo unaponunua vijazio vya filta, unawanunulia nyumba. Mimi huvipanga kwa kuangalia hilo kwanza.

Namba moja ni sponji, na sioni ya kuikaribia. Kama unaweza kununua kitu kimoja tu, nunua hiyo. Inakamata uchafu, inahifadhi bakteria, na hukaa miaka. Tafuta yenye matundu 20 hadi 30 kwa inchi. Iminye mkononi: ikirudi umbo lake mara moja, ni nzuri. Iinue kwenye mwanga uone kama matundu yamefunguka hadi upande wa pili. Povu la godoro lina matundu madogo mno, litaziba. Sponji za kuoshea vyombo ziache kabisa, maana nyingine hutiwa dawa ya kuua bakteria, na bakteria ndio unaowatafuta.

Namba mbili ni pete za kauri na vile vipande vya kioo chenye vinyweleo. Ni vizuri hasa kwenye filta kubwa yenye vikapu. Ila usibabaishwe na tarakimu za eneo la uso zilizoandikwa kwenye boksi: vinyweleo vingi vya ndani ni vidogo kiasi kwamba maji hayapiti vizuri, na tope likiingia vinaziba. Mawe ya volkano yaliyooshwa mpaka maji yakatoka safi hufanya kazi hiyo hiyo.

Tatu, pamba ya kuchujia. Hii ndiyo inayofanya maji yang'ae. Hakikisha ni ya poliesta, kwa sababu pamba ya shambani huoza majini. Inaziba upesi na hutupwa, basi usinunue ya gharama.

Mipira ya plastiki naiweka ya nne. Inafaa kwenye filta kubwa ambamo maji humwagika juu yake huku hewa ikipita. Ndani ya filta ndogo inakula nafasi ya sponji.

Mkaa maalumu wa kuchujia ni wa tano, ingawa wengi huununua wa kwanza. Unaondoa rangi ya kahawia itokayo kwenye magogo, harufu, na mabaki ya dawa. Amonia hauiondoi, wala nitrati. Baada ya wiki chache umeshiba, haufanyi kitu. Ukiwatibu samaki, utoe kwanza, la sivyo mkaa utanyonya dawa yote. Na mkaa wa jikoni si mbadala wake. Majivu yake hupandisha pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji.

Mwisho ni zeolaiti, aina ya madini. Hunyonya amonia kwenye maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo ni ya dharura. Ukitia chumvi kwenye tangi, huiachia tena ile amonia.

Katika kupanga, fuata maji yanakopita. Kwenye filta nyingi za nje zenye vikapu, maji huanzia chini yakapanda, kwa hiyo sponji hukaa chini kabisa. Fungua ya kwako uangalie bomba la kuingizia linaishia wapi. Maji yakutane kwanza na sponji ya matundu makubwa, kisha ya matundu madogo au pamba, kisha pete, na mkaa mwisho kama upo. Pete zikitangulia, tope lote linaishia kwao. Usishindilie: maji hutafuta penye upenyo, na sehemu iliyobanwa hubaki bila oksijeni.

Filta nyingine ndogo huja na katriji, yaani kijazio kilichofungwa tayari, inayotakiwa kutupwa kila mwezi. Hapo unatupa makazi pamoja na wakazi. Kata sponji ya saizi hiyo uiweke badala yake.

Nalisema kwa uchungu, kwa sababu sponji yangu ya kwanza niliiosha bombani mpaka ikawa kama mpya. Siku ya tatu samaki walikuwa wamejipanga juu ya maji wakihema, matamvua mekundu. Klorini ya bombani ilikuwa imeua bakteria wote. Siku hizi naiminya ndani ya ndoo ya maji niliyoyatoa tangini wakati wa kuyabadilisha. Maji yanageuka kama kahawa nzito. Naminya mara nne au tano, nikiona inapitisha maji naiachia hapo, ikiwa bado na rangi yake ya udongo. Kama filta ina sponji mbili, naosha moja, nyingine inangoja wiki mbili.

Na ukinunua, chukua ya ziada uikalishe ndani ya filta hiyo hiyo mwezi mzima au zaidi. Siku samaki mmoja akiugua na ukahitaji tangi la pembeni, unaihamisha ikiwa imelowa, na bakteria wanaendelea na kazi jioni ile ile.