Nebulaiza ya kompresa na ya wavu: nimezitumia zote mbili, nabaki na kompresa

Nebulaiza ni mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa mvuke wa kuvuta mapafuni. Kwa matumizi ya kila siku hapa Mwanza, kompresa. Ya wavu ni ndogo, haina kelele na inatumia betri, nami naiheshimu, lakini inadeka.

Kompresa husukuma hewa kupitia mrija hadi chini ya kikombe cha dawa. Hewa ikipenya kwenye tundu dogo pale katikati, inavuta dawa juu na kuipasua kuwa matone. Yanayofika kwenye vijia vya ndani vya mapafu ni yale ya mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 1 hadi 5. Makubwa zaidi huishia mdomoni na kooni. Kwa hiyo barakoa ikilowa chapachapa, usidhani mgonjwa amepata dawa nyingi.

Kikombe hiki hubakiza takriban mililita 1 isiyopanda, na hapo ndipo dawa ndogo inapopotea. Kichupa cha salbutamol (dawa ya kufungua njia za hewa) cha miligramu 2.5 kina mililita 2.5 tu, hivyo mhudumu wa afya huweza kukuelekeza uongeze salaini (maji safi ya chumvi ya hospitali) ya asilimia 0.9 ifike kama mililita 4. Usiongeze maji ya bomba wala ya chupa: maji matupu yanaweza kubana njia za hewa, na ya bomba huleta vijidudu.

Kikombe kisimame wima. Kikilala, mvuke unakatika wakati dawa bado ipo. Kawaida inachukua dakika 5 hadi 10. Kikianza kutema kwa kukatakata, kigonge kidogo kwa kidole matone ya ukutani yashuke. Ikivuka dakika 15, angalia kichujio cha hewa cha mashine kwanza. Vumbi la kiangazi na moshi wa mkaa hukigeuza kijivu, na hewa inapungua nguvu. Kisha angalia mrija umekaza na tundu halijaziba. Mashine yenyewe ikae mezani, si kitandani ambako shuka linaziba matundu yake.

Barakoa ibane uso. Kuishika mbele ya pua ya mtoto ni kupulizia chumba dawa, na mtoto anayelia huingiza kidogo mno mapafuni, afadhali umbembeleze kwanza. Mwenye presha ya macho anayepewa ipratropium (nayo ya kufungua njia za hewa) atumie kipande cha mdomoni, maana mvuke ukivuja unaingia machoni. Budesonide, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa, nayo inataka kusukutua mdomo na kuosha uso baadaye.

Ya wavu hutetemesha kibati chenye vitundu vidogo sana, zaidi ya mara 100,000 kwa sekunde, na haibakizi dawa nyingi. Umeme ukikatika, au ukiwa kwenye kivuko cha Ukerewe, hiyo ndiyo mkombozi. Ila salaini ikikaukia humo, au budesonide ikiachwa, vitundu vinaziba. Ukichokonoa kwa sindano umeua kifaa, na kichwa chake kwangu ni cha kuagiza. Vikombe vya kompresa navipata famasi.

Jihadhari na kompresa za zawadi kutoka Marekani. Zimetengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka kwenye 230 yetu inaungua. Hata ukiweka transfoma, hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) zetu ni 50, zao 60, na pampu nyingi huzunguka taratibu kuliko inavyotakiwa.

Kila baada ya dozi, osha kikombe na barakoa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, suuza kwa maji yaliyochemshwa, anika kwenye kitambaa safi. Mrija usiuoshe. Ukiona unyevu ndani, uchomoe kwenye kikombe, uwashe mashine dakika 1 au 2 mpaka ukauke.